Peni ya Fedha Niliyoisugua

Nyumba yetu ya ugenini, Troyeville, ilinuka ukwaju na majivu. Baba alikuwa mfua fedha kutoka Tanga, na kila bangili iliyotoka mkononi mwake, mama aliilowesha kwenye maji ya ukwaju na kuisugua kwa majivu laini hadi ing'ae. Kwetu ilikuwa aibu kumrudishia mtu fedha yake ikiwa imefubaa. Nilikuwa na miaka tisa, msichana mwenye kimbelembele, na kazi hiyo ya kusugua niliiona yangu.

Majira hayo ya baridi, jirani yetu Mama Edith, mjane wa Kiingereza, alimletea baba sarafu aizungushie waya wa fedha, apate kuivaa shingoni. Ilikuwa peni ya Uingereza ya karne nyingi zilizopita, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa na uso wa mfalme, wa pili msalaba. Marehemu mumewe aliiokota shambani kwao Uingereza akiwa mtoto, akatembea nayo mfukoni hadi siku aliyokufa. Baba aliigeuzageuza kwa furaha, akanionyesha msalaba uliokaa upande. "Tazama, mwanangu. Hii haikupigwa na mashine. Ni mtu na nyundo yake, na siku hiyo mkono ulimteleza." Akacheka, kama anayemtania fundi mwenzake.

Kesho yake baba alikwenda mjini kutafuta waya. Nikaiona peni juu ya meza, nyeusi tititi. Eti Mama Edith avae kitu kile! Nikailowesha, nikaisugua kwa moyo wangu wote. Iling'aa, jamani! Ila mfalme alibaki hana macho, na herufi za pembeni zilikuwa zimefutika.

Baba aliporudi hakunigombeza. Alinishika mkono, tukaenda kwa Mama Edith. Wala hakusema mtoto kakosea. Alisema, "Uliniachia amana, nikaiharibu. Niwie radhi." Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Yule mama aliitazama peni kiganjani mwake, machozi yakimtiririka.

"Eish," akasema. "Zile zilikuwa nongo za vidole vya mume wangu."

Hata hivyo alimwomba baba aizungushie waya vilevile, akaivaa. Alipofariki, mimi nikiwa chuoni, niliambiwa ameniachia ile peni. Sikujua nifurahi au nilie.

Baba naye ametangulia. Siku hizi tunanunua bangili za madukani, na wanangu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, huniuliza kwa nini sisafishi kile kipande shingoni mwangu. Kimeanza kufubaa tena, na mara nyingi najikuta nikikipapasa bila kujua, kwenye foleni ya benki au nikisubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani. Watu husema kinapendeza hivyo, kinaonekana cha kale. Mimi najua. Nongo hizi ni zangu. Za mume wa Mama Edith nilizimwaga kwenye sinki, nikiimba.