Mwizi Niliyemkaribisha Darasani

Mwizi aliingia darasani kwangu saa nne asubuhi, akanyakua mkoba wangu mezani, akatokomea nao. Na mimi nikacheka.

Nilicheka kwa sababu lilikuwa igizo. Yaani nilimkaribisha mwenyewe.

Tulieni niwasimulie, maana hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Naitwa Renetta. Nilikuwa mhadhiri mpya wa haki jinai kwenye chuo kidogo mashariki ya Texas, mji ambao nusu ya watu wanalipwa na gereza na nusu nyingine wana ndugu ndani yake. Mwaka wa pili kazini. Ajira ya kudumu bado naiota tu.

Aliyenileta pale ni Profesa Weldon Pruett, mkuu wa idara. Mzee wa suti za kahawia, mcheshi, aliyeniita "binti yangu" mbele za watu. Baba yangu alifariki nikiwa bado nasoma, sasa fikiria neno hilo lilivyoniingia.

Utafiti wangu ulihusu chumba cha kufulia nguo cha gereza. Wafungwa walikuwa wakipigwa mle na askari, wakitoka wanaandikiwa "ameteleza kwenye sabuni." Kumi na tisa walikubali kunieleza. Kila mmoja nilimwapia: jina lako halitatoka kwangu.

Kwenye maandishi walikuwa namba tu. Majina yalikuwa kwenye karatasi moja, ndani ya kabati la chuma ofisini.

Jumatatu moja kitasa cha kabati kikagoma kufunga.

"Fundi hadi wiki ijayo," Profesa akaniambia. "Karatasi nyeti usiiache humo, binti yangu. Tembea nayo."

Nikaitia mkobani. Hilo lilikuwa kosa langu, simsingizii mtu.

Jumatano nilikuwa nafundisha ushahidi wa macho. Kwa somo hili sisi walimu wa fani hii tuna mchezo wetu: mtu anaingia ghafla, anaiba kitu, anakimbia, halafu wanafunzi wanaandika alivyokuwa. Wanaboronga karibu wote, na hapo ndipo wanaelewa kwa nini mtu anaweza kufungwa kwa kosa la mwenzake.

"Mwizi nitakuletea mimi, mwigizaji," Profesa alisema. "Wewe weka tu mezani mkoba wako wa kila siku, ili waamini."

Basi jamaa akaingia, kofia hadi machoni, akapiga ukelele, akabeba, huyoo!

Wanafunzi wakaandika dakika ishirini. Mmoja: mrefu, ana ndevu. Mwingine: mfupi, kidevu kitupu. Polisi mmoja niliyekuwa namfundisha akaapa kaona bastola. Tulicheka hadi machozi.

Bi Earline Guidry hakucheka. Mama wa miaka hamsini na nane, mpishi wa kantini ya chuo, alikuwa anasomea shahada aproni ikiwa kiunoni. Mwanawe Kerwin alikuwa gerezani mwaka wa sita.

Kerwin alikuwa pia namba kumi na nne kwenye karatasi yangu. Hilo sikuwahi kumgusia mama yake. Kiapo ni kiapo.

Bi Earline aliandika hivi: "Uso sikuuona. Buti nyeusi za askari jela. La kushoto limeshonwa ubavuni kwa uzi mweupe."

"Bi Earline, mbona miguu tu?" nikamtania.

"Mwanangu, miaka sita naenda kumwona Kerwin. Ukikaguliwa pale getini unainamisha kichwa. Nyuso zao sizijui. Buti nazijua zote."

Darasa likacheka tena. Nikampa alama zote, nikaandika tarehe. Nikajisemea mwigizaji kaazima buti.

Mkoba niliukuta ofisini kwa Profesa, karatasi ikiwa ndani.

"Umezaliwa mwalimu, wewe!" akanipigia makofi.

Siku tisa baadaye nikaenda gerezani kuendelea na mahojiano. Askari wa getini akapekua daftari lake, akatikisa kichwa.

"Kibali chako kimefutwa, Daktari."

"Kimefutwa na nani? Nina watu kumi na tisa wananisubiri."

"Hakuna anayekusubiri. Wengine wamehamishwa, wengine wamefungiwa peke yao." Akatabasamu. "Mkoba mzuri lakini."

Aibu ikanishika, nikainamisha kichwa.

Buti la kushoto lilikuwa na uzi mweupe ubavuni.

Sijui niliendeshaje gari hadi chuoni.

Profesa hata hakukana. Alinivutia kiti kwanza.

"Gereza likifunga mlango, binti yangu, hakuna utafiti na hakuna idara. Mkuu wa gereza alitaka tu kujua nani anasema nini. Nimekulinda."

"Na kitasa cha kabati?"

Akavua miwani, akaifuta.

"Faili lako la ajira ya kudumu liko kwangu," akasema taratibu. "Nimeshaandika maneno mazuri. Usijiharibie."

Jamani! Nilikuwa nimeuzwa mchana kweupe, na aliyeniuza ananiita binti yake. Nililia palepale mbele yake, na machozi yale nayajutia hadi leo.

Mlangoni pa ofisi yangu nikamkuta Bi Earline amesimama.

"Kerwin wamemfungia peke yake. Nimeambiwa nisikanyage pale hadi Krismasi," akasema. "Alikuwa mmoja wa watu wako?"

Nikamfungulia mlango, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Usijibu, najua. Mimi ndiye niliyemwambia azungumze na wewe. Aliogopa. Nikamwambia, huyo ni mwalimu wangu, namjua, hana mdomo."

Angenizaba kofi ningemshukuru.

Nikafungua droo, nikatoa karatasi yake ya darasani. Mashahidi thelathini na mmoja, na mmoja tu alikuwa ameona. Mchana uleule nikaipeleka kwa wakili wa wafungwa, na kwanza nikakiri kwamba majina yalitoka mkobani mwangu.

Wakili akalishtaki gereza. Mahakamani, wakili wa gereza alisoma maandishi yangu mwenyewe ya darasani: "Ushahidi wa macho si wa kuuamini." Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliagiza buti ziletwe.

Zikaletwa, na uzi wake.

Chumba cha kufulia kikafungwa. Kerwin akatolewa upwekeni, sikio moja halisikii tena. Profesa akastaafu kwa keki na hotuba. Mimi nikaandikiwa barua ya mistari miwili, kwamba mkataba wangu hautaendelezwa.

Siku hizi nafundisha chuo kingine, kidogo zaidi, mwendo wa saa moja kutoka pale. Funzo nililobaki nalo ni hili: tunafundishana kumkodolea macho mwizi, na hakuna anayeuliza mwizi kaletwa na nani. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu, na wakati mwingine kinakuita mtoto wake.

Muhula wa kwanza pale, nani nikamkuta mstari wa mbele? Bi Earline, kaja kumalizia shahada yake. Nikamsogelea nimwombe radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

Zamani aliniita mwanangu.

"Sijakusamehe, Daktari," akasema. "Fundisha. Lakini huo mkoba nipe niushike mimi."