Shali Lenye Kofia

Nikinusa uzi wa sufu uliolowa, hata dukani hapa Rwamishenye, namkumbuka shangazi yangu, na simkumbuki kwa wema.

Mama alinifumia shali kwa kroshia, zito, lenye kofia na mifuko miwili, kwa ajili ya baridi ya Kamachumu. Shangazi alikuja kututembelea kutoka mjini, akalishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa.

“Wifi, siku hizi mnawavika watoto magunia ya kahawa?”

Mama aliendelea kumenya ndizi.

Kesho yake mvua ilinyesha. Shangazi aliondoka amelivaa shali langu, kofia imemfunika hadi machoni, wala hakuomba. Nilitaka kumkimbilia, Mama akanishika mkono.

“Mwache, mwanangu. Huyo hana wa kumfumia.”