Karatasi ya Yale Asiyoyajua

Chama chetu cha akina mama kilikuwa na uwezo wa kuchimba kisima kimoja tu. Mashine ikitoboa mahali pakavu, tungerudi kuwafungia punda mitungi na kupanga foleni kwa visima vya watu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyuma ya Kitengela ukielekea Kajiado, plot zikiuzwa kila mahali na maji hakuna.

Basi akaletwa kijana wa kupima mawe, atuonyeshe pa kuchimba. Nilidhani atakuja na kitu cha kuona chini. Wapi! Alianza kwa kuzunguka visima vya majirani akiuliza swali moja: mkivuta maji mpaka yashuke, yanachukua muda gani kurudi? Mimi ndiye niliyempeleka. Majina ya wenye visima hivyo niko nayo yote mpaka leo, hata ya punda wao, lakini hapa nawaacha wapumzike.

Aliniambia maji huko chini hayakai kama kwa tangi. Mwamba wetu umepasuka, na maji yanapita kwa nyufa. Mahali pengine nyufa ziko wazi, pengine zimezibwa na udongo.

"Jirani wa hapa kisima chake kinarudi haraka," nikamwambia. "Tuchimbe kando yake."

"Mama, hicho kiko ng'ambo ya ufa mkubwa. Kile cha mbali, cha kule korongoni, kiko kwa mstari mmoja wa nyufa na sisi. Nakisikiliza hicho zaidi."

Hilo lilinikaa kichwani. Mimi nilikuwa najua karibu ni karibu.

Aliporudi alikuja na karatasi mbili, akazitandaza kwa kaunta ya mwenyekiti wetu, mama mmoja wa kutoka Garissa mwenye duka. Ya kwanza ilionyesha kwa bluu mahali anakisia maji yanapita vizuri. Nikauliza ya pili ni ya nini.

"Hii inaonyesha mahali siwezi kujiamini. Palipokolea nyekundu, sijui sana."

Nilikuwa nimeona wasomi wengi, lakini sijaona mmoja akichora yale asiyoyajua, tena kwa rangi nzuri hivyo. Nikaishika hiyo karatasi, ile nyingine nikaiacha.

"Wallahi, chai yote hiyo tumekupa, kumbe hujui!" mwenyekiti akasema.

"Najua mahali sijui, mama."

"Hiyo nayo ni kazi?"

Sasa, mahali penye bluu kuliko kote ndipo palipokuwa pekundu kwa karatasi ya pili, kwa sababu hakukuwa na kisima hata kimoja karibu. Kando ya njia ya ng'ombe maji yalikuwa ya kadiri, lakini hapo alijiamini. Wenzangu wengi walitaka pale pa bluu.

"Tukikosa," nikauliza, "tuko na kisima cha pili?"

Tukachagua njia ya ng'ombe. Pale pa bluu pamejengwa sasa, hakuna aliyechimba, na bado nikipita natamani kujua.

Mashine ilitoa vumbi jeupe, halafu tope, halafu maji. Hatukushangilia bado. Kijana akayavuta mpaka yakashuka, akazima pampu, akateremsha kamba ya kupimia. Tukamzunguka.

"Yanarudi. Yatawatosha," akasema.

"Polepole hivyo?" mwenyekiti akainama kutazama. "Basi yanafanana na mimi nikitumwa sokoni."

Tukacheka mpaka tukashikana, halafu tukaanza kugombana nani atateka kwanza.