Nerima na Kichwa cha Mbuzi Langoni

Nerima aliuza vichwa vya mbuzi. Alivinunua alfajiri kwa wenye bucha wa Soko la Burma, akavibabua manyoya kwa moto, akavichemsha supu mbele ya jengo letu la orofa nne kule Huruma. Alitoka Chwele mwaka wa sabini na saba akiwa na binti mchanga mgongoni, na hakuna aliyemshika mkono. Alijishika mwenyewe, kwa mdomo. Ukimtajia bei, anakucheka. Akikutajia yeye, ni juu yako kumcheka. Asiyejua hilo hapa kwetu hulala njaa.

Ugonjwa ulipoingia Eastlands miaka ishirini baadaye, vijana wa vibanda vya video waliwaita wagonjwa mazombi, na jina likashika. Aliyeumwa hakugeuka papo hapo. Kwa saa tano, sita hivi, alitembea, alisalimia watu, hata jina la nyanya yake alilikumbuka. Kisha macho yakapauka na meno yakaanza kazi. Kukagua ngozi hakukusaidia. Mbeba mizigo au mtu wa kiwandani hana siku asiyokuwa na kidonda.

Dalili aliigundua Nerima. Asubuhi moja mpakuzi wa magunia alinunua kichwa kwake kwa bei ya kwanza, bila hata kuguna. Nerima alimtazama akienda zake, akafunika sufuria.

"Miaka ishirini sijaona mtu mzima akikubali bei yangu ya kwanza," akatuambia. "Huyo ameumwa."

Kabla ya jioni yule mpakuzi alikuwa ametafuna watu wawili. Tukaelewa: ndani ya mtu aliyeumwa, kinachokufa kwanza ni ubishi.

Basi lango la chuma likawa chini ya Nerima, na ufunguo wa kufuli ukaning'inia shingoni mwake. Kila aliyetaka kuingia aliuziwa kichwa cha mbuzi kupitia kwenye nondo. Akibishia bei, anafunguliwa. Akikubali, anabaki nje. Jumanne moja alikuja binamu wa Mulama, yule Mulama mtunza jengo letu. "Mia tatu," Nerima akasema. "Sawa," akajibu yule binamu. Mulama alimsihi Nerima, akapiga nondo kwa ngumi mpaka zikatoka damu. Nerima hakufungua. Saa mbili baadaye binamu alikuwa akiguguna kufuli. Tangu hapo Mulama hakumsalimia Nerima tena.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, saa nane mchana, akatokea Opicho.

Opicho ni mume wa Nasambu, yule binti aliyebebwa mgongoni kutoka Chwele. Alikuwa amekwama siku tano kiwandani, upande wa Lucky Summer. Alikuja akichechemea, mkono umefungwa kitambaa chenye damu. Nyuma yake, mwisho wa kichochoro, kulikuwa na mazombi saba. Mwendo wao ulikuwa wa pole, ila hawakupumzika.

"Mama, mfungulie!" Nasambu akapiga kelele kutoka kwenye ngazi.

"Nyamaza. Kila mtu anauziwa." Nerima akainua kichwa cha mbuzi. "Wewe wa nje! Hiki ni mia tano."

Opicho alisimama kiupande, macho chini, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. "Sawa, mama."

"Nimesema mia tano! Na hakina ulimi."

"Hakuna shida, mama."

"Mia nane!"

"Nitatoa, mama."

Mulama akaokota fimbo yake ya chuma. "Ameisha huyo. Rudi nyuma, Mama Nasambu," akamwambia Nerima.

"Ni mkwe!" Nasambu akalia. "Atabishanaje na mama mkwe?"

Hapo ndipo Nerima aliposhusha kile kichwa. Kwa Wabukusu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye. Kuvutana naye bei ni sawa na kuvua shati mbele yake. Nerima alikuwa ametunga sheria nzuri, akasahau kwamba Nairobi nzima kuna mwanamume mmoja asiyeweza kuishinda, na ndiye mume wa bintiye.

"Binamu yangu pia alikuwa na heshima," Mulama akasema.

Mazombi walifika kwenye kibanda cha kinyozi. Hatua arobaini.

Nerima angeweza kufungua tu. Lakini ndani tulikuwa watu sitini na zaidi, na akimfungulia wake bila kumpima, kesho nani angelitii lango? Akavua ufunguo shingoni, akamtupia Mulama.

"Shika wewe."

Kichwa akampa Nafiso, Msomali aliyeuza vitambaa orofa ya chini. "Muuzie. Na usimwonee huruma." Kisha akajitanda lesso usoni, akapanda ngazi hadi kwenye kona asikoonekana. Tulimsikia tu akipumua.

Hatua ishirini. Harufu ilikuwa imeshatufikia.

"Mia nane," Nafiso akasema.

Opicho alibaki ameinamisha macho. Mulama akainua chuma. Kisha Opicho akanong'ona, "Mama ameenda?"

"Ameenda."

"Mia nane?" Akainua uso. "Dada, umeamka vibaya? Mia nane kwa kichwa kisicho na ulimi? Huyu mbuzi alikuwa chifu?"

"Sema yako."

"Arobaini."

"Kwa arobaini hata pembe hupati!"

"Pembe nizipeleke wapi, nipige honi?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mulama aliingiza ufunguo kwenye kufuli lakini hakuuzungusha.

"Ufunguo ni wangu," akasema. "Sitini."

"Sitini ni ya chenye ulimi, bro. Arobaini na tano, na miguu miwili ya nyongeza."

"Mguu mmoja."

"Miwili! Watu wanakuja kunila hapa, na bado unanibania mguu?"

Mulama akazungusha. Opicho alipokuwa akijipenyeza, mkono wa kijivu ulimkamata kola. Akateleza kutoka ndani ya koti, akaangukia sakafuni na shati tupu. Mulama akalibamiza lango. Vidole vitatu vikabaki upande wetu.

Kutoka juu sauti ikauliza, "Ameingia?"

"Ameingia," Nafiso akajibu.

"Kwa ngapi?"

"Arobaini na tano na miguu miwili."

"Mmeniibia."

Ngazi ni moja, kwa hiyo Opicho aligeukia ukuta mpaka mama mkwe akapita akiwa amebeba godoro lake, kwa sababu chumba alimokuwa akilala na Nasambu ni kimoja tu, na humo hawezi kulala tena mkwe akiwa ndani. Alihamia kwa Nafiso.

Akarudi langoni, akachukua kichwa chake, akakipangusa vumbi. Mulama hakumrudishia ufunguo, na Nerima hakuudai.

"Wewe uza," Mulama akamwambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya upole kwake tangu Jumanne. "Mimi nitafungua."

Nerima akaketi upande wake wa lango, akangoja mteja.