Nathanaël na saa ya Kinshasa

Saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi, Nathanaël Akonkwa anafunga dirisha kuzuia vumbi la kiangazi, anazima sauti ya simu na kukaa mbele ya kompyuta. Soko la London linafunguliwa. Macho yameganda kwenye bei ya yuro kwa dola, kidole kiko juu ya kipanya, na hata kupumua amesahau.

Dakika kumi na nne baadaye kazi ya asubuhi imekwisha. Amepata dola sita na senti arobaini. Anageuza kichwa kama anayetaka kumwambia mtu, halafu anaandika kwenye daftari lake. Katika chumba hiki cha kupanga, mtaa wa Muhungu, Bukavu, hakuna mtu mwingine.

"Ukipata, hakuna wa kufurahi naye. Ukipoteza, hakuna wa kukugombeza. Hii ya pili njo mubaya zaidi," anasema.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mtunza ghala wa shirika la misaada mpaka mwaka jana, benki za mji zilipofungwa na mashirika mengi yakafunga virago. Akajifundisha kwenye simu kununua na kuuza fedha za kigeni kwa dakika chache: masoko makubwa yanapofunguliwa, na siku Wamarekani wanapotangaza takwimu za uchumi wao. Siku kubwa kuliko zote ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, inapotoka hesabu ya ajira. Bei huruka dakika ile ile, na aliyekaa upande mbaya huumia.

Majirani hawaiti hiyo kazi. Maman Georgette, anayeuza makaa mbele ya lango, hana haya ya kusema.

"Mwanaume muzima anajifungia na machine, anatoka macho nyekundu! Sisi tulifikiri iko naomba Mungu. Kumbe iko nacheza na franga, na pesa!" anacheka. Lakini mchana ukifika humpelekea sahani ya bugali na sombe. "Atakufa mule ndani na hatutajua," anasema, safari hii bila kucheka.

Zamani Nathanaël aliimba besi katika kwaya ya parokia. Mazoezi huanza saa kumi jioni. Soko la New York hufunguka nusu saa kabla. Akaanza kuchelewa, akaanza kukosa, mwisho akaacha. Wenzake walimpigia simu mara tatu, nne, nao wakachoka.

Hayo yote aliyavumilia, maana mkewe Aimée alikuwepo. Aimée alikuwa akiuza vitenge soko la Kadutu. Mwezi wa Februari zamu yake ya likelemba, ule mchango wa akina mama kumi na wawili, ilifika: dola elfu moja na mia mbili. Akampa mumewe azitunze. Nathanaël akaziingiza kwenye biashara yake, kwa saa moja tu, bila kumwambia.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza. Mwalimu wa kundi la WhatsApp alilojifunzia biashara hiyo, mkaazi wa Kinshasa, aliandika kwamba habari ya ajira itatoka saa nane na nusu. Sasa, Kinshasa iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja. Nchi moja, saa mbili. Hata watoto wanajua. Nathanaël alijua pia, ila siku hiyo, na fedha ya watu mkononi, kichwa hakikuwa chake.

Saa nane na nusu ya Bukavu ikafika. Bei haikutikisika. Alingoja robo saa, akajiambia habari imepita kimya, hatari imekwisha. Akanunua yuro kwa fedha yote, pamoja na mkopo wa dalali ulioizidisha mara mia mbili, bila kuweka kikomo cha hasara. Saa tisa na nusu, ndiyo kwanza saa nane na nusu kule Kinshasa, habari yenyewe ikatoka.

"Nilikuwa nimeenda kuchemusha chai. Nilirudia, nikakuta imebakia dola makumi tatu na moja. Nilifikiri réseau ya internet imekatika. Nikazima machine, nikawasha tena. Iko vile vile."

Aimée hakupiga kelele. Hakuwa tena na mtaji wa kurudi sokoni, basi alifunga nguo za watoto wawili, akapanda boti kwenda kwa mama yake, kisiwani Idjwi. Mlangoni alisema: "Siyo franga, Papa Lucie. Ungeniambia tu. Ukitaka nirudie, uje wewe mwenyewe. Na uje vendredi ya kwanza ya mwezi."

Aliichagua Ijumaa hiyo kwa makusudi.

Tangu hapo Ijumaa tano kama hizo zimepita. "Kila mara najiambia, hii moja tu, nirudishe yake yote, nisiende mikono mitupu," anasema. Mwezi mmoja anapata, unaofuata unachukua. Mpaka leo amerudisha dola mia tatu na kumi.

Jumatatu wiki hii Aimée alipiga simu. Jumamosi atawaandikisha watoto shule ya huko Idjwi kwa mwaka mzima. Halafu binti yao Lucie, mwenye miaka tisa, akachukua simu. "Papa, tena uko naangalia machine?"

Alikuwa anaiangalia.

"Nilisikia haya," anasema Nathanaël. "Haya ya kweli. Mutoto hanioni, na anajua."

Kesho ni Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Amelipia nafasi kwenye boti ya saa saba mchana. Habari itakapotoka atakuwa katikati ya ziwa. Kompyuta ataiacha kwa Maman Georgette. "Nimemuambia, hata nikilia, asinipe."

Hataki kuiacha kazi yote. Anataka kubaki na asubuhi ya London tu, Aimée akijua kila senti, huku akitafuta ghala lingine la kutunza. Lakini hayo ni ya baadaye, ikiwa mke atakubali.

Na akimfungia mlango?

Nathanaël anafunga daftari lake.

"Nitakaa inje mpaka afungue," anasema. "Kungojea njo najua. Kazi hii haikunifundisha kingine."