Kitone Kando ya Nyota

Nilikuwa nyumbani Kanazi kwa likizo wakati msimamizi wangu wa masomo aliponiandikia kwamba picha ya pili imefika. Nasomea nyota, hasa zile zilizo jirani nasi zenye uzito wa kati, mara mbili au tatu ya Jua. Kazi yangu ni kutafuta kama zina wenzao wa karibu, nyota ndogo ambazo humezwa na mwanga wa ile kubwa. Nilikuwa nimepekua nyingi bila kuambulia kitu, mpaka kwenye picha moja nikaona kitone hafifu kando ya nyota. Picha ya pili ilikuwa ya nyota hiyohiyo, iliyopigwa baadaye.

Mtandao wa Kanazi ulikuwa unakatikakatika, nikapanda basi hadi Lusahunga kwa shangazi, anayewapikia madereva wa malori.

"Shikamoo shangazi. Naomba meza yenye umeme."

"Marahaba. Kaa pale pembeni. Mbona huna raha?"

Nikamweleza kwamba kitone kile huenda ni mwenza wa nyota ile, au ni nyota nyingine iliyo mbali sana nyuma yake, inayoonekana karibu kwa bahati tu. Nyota husogea kidogo kidogo. Vikisogea pamoja, basi ni vya pamoja.

Shangazi akatazama malori mawili yaliyoegeshwa ng'ambo ya barabara. "Kwa hiyo unangoja uone kama moja litaliacha jingine."

"Ndiyo. Naomba lisiliache."

Picha ikafunguka. Nikapima: kitone hakikuwa tena pale pale kando ya nyota. Nikafunga kompyuta. Shangazi akaniletea chai. Nilishaifikisha nusu ndipo nikakumbuka kwamba safari hii darubini ilipiga picha ikiwa imegeuka, nami sikuiweka ielekee kaskazini kama ile ya kwanza. Nikaigeuza. Nikapima tena, kisha tena. Nyota ilikuwa imesogea, na kitone kimesogea nayo.

Nililia pale pale. Dereva mmoja akauliza nimefiwa na nani.

"Hajafiwa," shangazi akamjibu. "Kapata alichokuwa anatafuta. Wewe kula wali wako."

Nikampigia mama. Alimshukuru Mungu, halafu akauliza kama nitaliwahi basi la kurudi, maana maharage yalikuwa bado yameanikwa na mawingu yalianza kutanda upande wa Mbuba. Nililiwahi. Nikakaa dirishani, nikicheka peke yangu kama mwehu.