Nilivyokikosa kichuma cha telegramu cha baba mkwe kwa kujifanya mjanja

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii imenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, maana aibu yake inatosha.

Ni fundi redio hapa Kasulu. Ugonjwa wangu ni mmoja: nakusanya vile vichuma vya kugongea telegramu, enzi za Morse. Kipini cha shaba juu ya kibao, unabonyeza kinalia ti-ti-taa, ujumbe unakimbia kwenye waya. Wife anaviita skrepa.

Kimoja nilikitoa kwa mama mmoja Mkongo pale kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa anakitumia kupondea karanga. Nilipomweleza kazi yake halisi, alinionea huruma kabisa.

Sasa, baba mkwe yuko Kibondo. Ujana wake wote aligonga telegramu, akastaafu na kichuma chake. Kinakaa mezani karibu na redio. Taarifa ya habari ikianza, kidole chake nacho kinaanza, anagonga maneno ya mtangazaji.

Kizuri, wakuu. Nilikuwa nakiota.

Tatizo, kwetu Waha kitu cha ukweni hakiombwi njiani. Unabeba pombe ya ndizi, unaenda na mtu mzima wa kukusemea, mnakaa chini. Mimi nikaona hayo mambo ya kizamani. Smartphone ninayo, nitashindwaje na mzee?

Nikapitia kwa shemeji yangu Obedi, mdogo wa wife, anaishi palepale na mzee. Nikamdokeza kwamba hivi vitu wazungu wanavisaka sana online, kwa hiyo amshawishi mzee anipe nikitunze.

Nyie mnatujua. Ukitaja wazungu na kitu cha zamani kwa pamoja, mtu anasikia mercury. Ile mali inayosemekana imejificha kwenye redio na cherehani za zamani, ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Obedi akangoja mzee aende misa. Akakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, wakakipasua kwa grinder.

Ndani wakakuta spring.

Nikaitwa Kibondo. Vipande viko mezani kwenye mfuko wa rambo, familia yote imekaa. Obedi, bila hata kuona haya, akasema shemeji wa Kasulu ndiye aliyemwambia kina mali. Mama mkwe akanyanyuka akaenda zake jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakufoka. Alisema taratibu tu:

"Mwanangu, kile nilikuwa nakuwekea wewe. Nani mwingine humu angekitaka? Nilikuwa nangoja tu uje uombe."



Redio ikaanza taarifa ya habari. Kidole chake kikaenda palepale pa siku zote, kikawa kinagonga meza.

Niliumia, wakuu. Mpaka leo naumia.

Vipande alinipa. Fundi mzima nimeshindwa kuviunganisha.

Nilichojifunza: cha mzee kiombe kwa mzee, kwa mdomo wako.

Jumapili napanda Kibondo kumpelekea kile cha karanga. Nimeshamwomba baba mdogo aende kunisemea, na pombe nimeagiza.

Waliowahi kuharibu ukweni wakasamehewa, shukeni hapa mnipe uzoefu. Na nyie mnaokuja PM kuulizia mercury, jamani, ni spring.